Nadhiri: Ipi Ishikwe, Ipi Iachwe?

Nadhiri ni nini? Ni ahadi ya hiari anayopewa Mungu, ya kutenda jambo jema na bora linalowezekana. Basi kiapo cha uovu hakimfungi mtu. Herode alipomwua Yohane Mbatizaji ili atimize kiapo chake, aliongeza dhambi juu ya dhambi.

Ikiwa Mkristo wa Kamalondo, mjini Lubumbashi, ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu kila Ijumaa hadi kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, kisha mkewe akaugua bila mwuguzi, afanyeje? Ahadi ya ndoa haiachwi. Nadhiri yake naye asiivunje kimya kimya. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yamruhusu kuibadili kwa tendo jema lililo sawa au bora zaidi. Na paroko, kwa sababu ya haki, aweza kumwondolea.

Lakini Mwenye Heri Anuarite Nengapeta aliishika nadhiri yake ya utawa hata kufa, huko Isiro, tarehe 1 Desemba 1964. Kwa hiyo kila Mkristo ajiulize mbele ya Mungu: Je, naiacha ahadi hii kwa upendo, ama kwa uchovu tu?