Mabadiliko ya Rekodi za Mtumishi: Yanavyogusa Mshahara wa Mwezi Huu na wa Miezi Iliyopita

SOSIOT, BELGUT – Mtumishi wa kaunti anapopandishwa cheo, kuhamishwa kituo au kubadilisha akaunti ya benki, karatasi moja hubadilika katika faili yake. Karatasi hiyo inaweza kuongeza mshahara wa mwezi ujao, kurudisha pesa za miezi mitatu iliyopita au kuanzisha makato ambayo hakuyatarajia. Kwa familia inayotegemea mshahara huo kulipa karo na mkopo wa Sacco, ni vyema kujua hesabu hiyo hufanywaje.

Tarehe mbili, si moja

Kila badiliko lina tarehe mbili. Ya kwanza ni siku badiliko linapoanza kutumika, ambayo huandikwa kwenye barua. Ya pili ni siku karani anapoliingiza kwenye mfumo wa mishahara. Zikiangukia mwezi mmoja, hakuna tatizo. Zikiachana, miezi iliyo katikati huwa imelipwa kwa rekodi ya zamani na ni lazima isawazishwe.

Miezi iliyokwisha kulipwa haifunguliwi upya. Pesa zilishaenda benki, na kodi ya PAYE hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo tofauti huhesabiwa na kuwekwa kwenye mshahara wa sasa. Anayedai hulipwa malimbikizo, na anayedaiwa hukatwa.

Mfano wa malimbikizo

Tuchukue mtumishi asiye na marupurupu ambaye mshahara wake wa msingi umepanda kutoka shilingi 30,000 hadi 34,000 kuanzia Julai 1. Barua yake inafika ofisi ya mishahara Oktoba. Julai, Agosti na Septemba alilipwa pungufu ya shilingi 4,000 kila mwezi, hivyo anadai 12,000. Oktoba atapata 34,000 pamoja na hizo 12,000, yaani 46,000 kabla ya makato.

Makato nayo yatapanda. Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, hukatwa 2.75%, kwa hiyo Oktoba atakatwa shilingi 1,265. Ushuru wa Nyumba ni 1.5%, sawa na shilingi 690. Novemba, mshahara ukiwa 34,000 tu, makato hayo yatashuka hadi 935 na 510.

Anayeona hati ya Oktoba anaweza kudhani ameibiwa. Hakuibiwa. Tofauti ya SHIF ni shilingi 330, na hiyo ndiyo angekatwa, 110 kila mwezi, kama nyongeza ingeingia kwa wakati.

Kodi ya PAYE ni tofauti kidogo kwa sababu hupanda kwa ngazi. Malimbikizo yakirundikwa mwezi mmoja, sehemu yake inaweza kuangukia ngazi ya juu. Ndiyo maana mtumishi anapaswa kuhifadhi fomu ya P9 na kujaza ritani yake kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata. Hapo kodi hupimwa kwa mapato ya mwaka mzima, na aliyelipa zaidi anaweza kudai.

Pale mtumishi anapodaiwa

Mtumishi akihama kituo chenye marupurupu ya shilingi 3,000 na rekodi ichelewe miezi miwili, atakuwa amelipwa 6,000 zisizo haki yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata kiasi kilicholipwa kimakosa. Hata hivyo, sheria hiyo inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Ikiwa mkopo tayari umemeza sehemu kubwa, deni hilo itabidi lilipwe kidogo kidogo. Mtumishi anayegundua amelipwa zaidi aripoti mapema, kwani deni la mwezi mmoja ni jepesi kuliko la mwaka.

Mabadiliko yasiyorudi nyuma

Akaunti mpya ya benki hutumika kwa malipo yajayo pekee. Asifunge akaunti ya zamani kabla ya kuona mshahara umeingia kwenye mpya. Nambari ya KRA ikiwa na kosa, kodi inaweza kusomeka kwa mtu mwingine, na kulirekebisha huhitaji kupitia miezi yote iliyopita.

Mtumishi akistaafu, akijiuzulu au akifariki, malipo husimama kuanzia tarehe ya tukio. Taarifa ikichelewa, mshahara unaoendelea kuingia si zawadi kwa familia. Utadaiwa, na jina hilo litahesabiwa miongoni mwa wafanyakazi hewa wanaolipwa kwa pesa za walipa ushuru.

Funzo kutoka mashamba ya chai

Suala hili haliko serikalini tu. Mwaka 2016, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamuru wafanyakazi wa mashamba ya chai waongezwe mshahara kwa 30%, kwa kipindi cha 2014 na 2015. Waajiri walipinga, na Oktoba 2017 wachumaji chai wakagoma. Nyongeza inayoamuliwa leo inaweza kuhusu miezi iliyopita zamani, na hapo ni rekodi za miezi hiyo zinazoonyesha nani alikuwa kazini, kwa cheo gani na kwa mshahara gani.

Mambo ya kufanya

1. Soma hati ya mshahara kila mwezi. Linganisha mshahara wa msingi, marupurupu na kila kato na hati ya mwezi uliotangulia.

2. Barua yoyote ya cheo, uhamisho au likizo bila malipo ifikishwe ofisi ya rasilimali watu mara moja. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

3. Nambari ya mshahara ikibadilika, hakikisha makato ya Sacco na mikopo yamefuata nambari mpya. Kato likikosekana, mkopo huhesabiwa haujalipwa.

4. Omba hesabu ya malimbikizo kwa maandishi, ikionyesha kila mwezi na kiasi chake.

5. Usikawie kudai. Madai chini ya Sheria ya Ajira yana kikomo cha miaka 3. Pia, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe.

Mtumishi anayestaafu au kuhama kaunti asitupe hati zake. Kosa la miaka iliyopita hurekebishwa kwa ushahidi, na mara nyingi ushahidi huo ni hati aliyoihifadhi mwenyewe nyumbani.