Chakula Kipendwacho na Adabu ya Tumbo



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo letu safari hii ni la jambo alifanyalo kila mtu kila siku, na wachache hulihesabu kuwa ni katika dini: nalo ni kula. Hatukusudii chakula cha haramu, maana hicho hukumu yake ni wazi. Twakusudia halali ipendezayo, ambayo mtu huianza kwa njaa, kisha akaiendeleza hali njaa imekwisha.

Hapa Garissa, na kadhalika Wajir na Mandera, ni nadra mtu kuzidisha kipimo kwa maharagwe. Huzidisha kwa nyirinyiri, kwa sambusa za moto, kwa wali wa nyama ya mbuzi, kwa halwa ya arusi, na kwa chai ya maziwa. Vitu hivi vina mafuta, chumvi au sukari nyingi, na ulimi hauvichoki upesi.

Tuitazame nyirinyiri. Wazee wetu waliikata nyama ya ngamia vipande vidogo vidogo, wakaikaanga hata ikakauka maji yake, wakaihifadhi ndani ya mafuta ipate kukaa miezi bila ya kuoza. Ilikuwa ni akiba ya safari na ya kiangazi. Vipande vichache pamoja na maziwa vilimtosha mtu aliyetembea na ngamia kutwa nzima. Leo mjukuu wake hukaa dukani au ofisini, naye hula kwa sahani kile ambacho babu alikila kwa kiganja. Chakula ni kile kile. Maisha ndiyo yaliyogeuka, na kipimo hakikugeuka pamoja nayo.

Chai nayo ni vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu za chakula cha siku, na ikiwa chini ya nusu ya hiyo ni bora. Nusu hiyo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko vidogo 6. Basi mwenye kunywa vikombe 5 kwa siku, kila kimoja vijiko 3, amekwisha kunywa vijiko 15 kabla ya kula halwa wala soda. Na ugonjwa wa kisukari, ukishika, huyadhuru macho, mafigo na miguu.

Sheria yasemaje? Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Na aya inayofuata inawakanya wanaojiharimishia vizuri alivyowatolea waja wake. Basi njia yetu iko kati: hatukichukii chakula kizuri, wala hatukifanyi bwana wetu.

Na katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa mwanadamu hutoshwa na matonge machache ya kumsimamisha mgongo, na ikiwa hapana budi, basi theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Wengi wetu huidhani theluthi kuwa ndiyo mwanzo, ilhali ndiyo mpaka. Mwanzo ni yale matonge machache.

Mtu atauliza: nafsi yangu ni dhaifu, nifanyeje? Jawabu ni hili: kipimo kikatwe kabla mkono haujafika chakulani. Mwenye kungoja kuamua hali sinia imejaa mbele yake na tumbo ni tupu, amempa hasimu wake silaha.

Kwanza, wakati wa kufuturu fuata Sunna: tende, au maji kwa asiyezipata, kisha sali Magharibi, ndipo urudi kula. Tumbo huchelewa kumpa mtu khabari ya shibe, na muhula huo humtosha kutambua kuwa njaa yake haikuwa kubwa kama alivyodhani.

Pili, kula sinia moja kuna baraka, basi tusikuache. Lakini sinia ipakuliwe kwa idadi ya watu, na sufuria ibaki jikoni. Na kila mmoja ale kilicho mbele yake, kama Mtume alivyomfundisha mtoto Umar bin Abi Salama.

Tatu, nyirinyiri itolewe katika bakuli ndogo, na chombo chake kifungwe na kurudishwa mahali pake kabla ya watu kuanza kula.

Nne, chai ipikwe bila sukari, na sukari iwekwe kando. Apunguzaye nusu kijiko kila juma, ulimi wake huzoea bila ya taabu.

Tano, mgeni akisema alhamdulillahi, aaminiwe. Ukarimu ni kumkaribisha, si kumlazimisha. Na kukataa tonge la ziada si kumtukana mwenye nyumba.

Na aliye na maradhi ya kisukari amwulize tabibu wake kabla ya Ramadhani, wala asiache dawa kwa rai yake mwenyewe.

Ndugu zangu, jambo hili halimhusu mlaji peke yake. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha katika nchi yetu hii ya kaskazini mashariki, na mifugo ikafa kwa wingi. Katika miaka hiyo Ramadhani zilikuja kama kawaida: huku watu wamelala hawana cha kufuturia, na huku sambusa zikibaki mpaka asubuhi na kutupwa. Mtume alimwusia Abu Dharr akipika mchuzi azidishe maji yake, apate kuwagawia majirani. Basi tonge tulizuialo lisirudi sufuriani; liwe na mlango wa kuendea.

Kazi ya darasa mpaka tukutane: kila mmoja akitaje moyoni chakula kimoja kinachomshinda, akikatie kipimo kabla ya kukaa kula, na kilichozidi akipeleke kwa jirani siku ile ile.

Mwenyezi Mungu atujaalie kukinai, na atubarikie katika alichoturuzuku. Amin.