Sola na Alteneta kwa Betri Moja

Barua nyingi zimetoka kwa madereva wa magari ya watalii Arusha, wenye friji nyuma na betri ya pili ya kuiendesha.

Sola inatoa volti 14.4 na alteneta 14.2. Zikiingia pamoja, betri si itapata volti 28 na kulipuka?

Nimeziunganisha barua kadhaa hapa, kwa sababu uvumi ni uleule. Hapana! Fundi anayewaambia hivyo asiguse tena nyaya za magari yenu. Volti hujumlishwa betri zikifungwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Hapa vyanzo vyote vinaingia kwenye vichwa vilevile viwili vya betri, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kinachojumlishwa ni ampea.

Chukua betri ya asidi ya ampea-saa 100 iliyoshuka hadi volti 12.2, karibu nusu. Sola inaleta ampea 8, alteneta 15. Betri inapokea 23. Mita itapanda polepole: 12.9, 13.5, 14. Kadiri inavyojaa, ndivyo inavyopokea kidogo. Ikifika 14.2 alteneta haisukumi tena, sola inamalizia hadi 14.4. Cha kuchunga ni jumla ya ampea: kwa betri hiyo, isizidi 25 hivi.

Nikiwasha injini, kontrola ya sola inaonyesha betri imejaa. Imeharibika?

Haijaharibika. Inasoma volti tu, na alteneta imeshazipandisha. Zima injini, subiri, soma tena.

Betri ya lithiamu naweza kuiunga na alteneta kwa relei tu?

Usithubutu. Lithiamu hufyonza umeme mwingi bila kupunguza hadi inakaribia kujaa. Gari likinguruma limesimama, feni ya alteneta inazunguka taratibu huku mzigo ukiwa mkubwa, koili zinaungua. Funga katikati chaja ya kupunguza ampea, iliyopangiwa lithiamu.

Fyuzi moja inatosha?

Kila waya wa chanya na fyuzi yake, karibu na betri.

Fundi ameongeza asidi ili betri "iamke".

Ameiharibu. Kinachopungua ni maji, basi huongezwa maji yasiyo na madini. Asidi ikizidi inakula sahani.

Nanyi mliofungia betri ya asidi kwenye boksi lisilo na tundu, nyuma ya viti vya abiria: litoboeni leo, mpeleke bomba la hewa nje. Ikikaribia kujaa inatoa hidrojeni, na cheche moja ya relei inatosha kuilipua.