Mbwa Anapojikamua Bila Kukojoa

Mbwa dume anayeinua mguu kila baada ya hatua chache, akakaza tumbo na kutoa matone tu au asitoe kitu, ni mgonjwa wa dharura. Msomaji aliyeuliza kama mbwa wa namna hiyo amefunga choo hayuko peke yake: mkao ni ule ule, na wengi huanza kwa kumnywesha mafuta ya kula huku saa zikipotea.

Mara nyingi kinachoziba ni vijiwe vilivyotokana na madini ya mkojo. Mrija wa mkojo wa dume ni mrefu na mwembamba, na ndani ya uume hupita kando ya mfupa usioupa nafasi ya kutanuka. Kijiwe kikifika nyuma ya mfupa huo hukwama. Mkojo usipotoka, taka na potasiamu hujaa kwenye damu, figo hulemewa, na potasiamu ikizidi sana moyo husimama. Kutapika, kulegea na tumbo gumu ni dalili kwamba hali imeshafika mbali. Mbwa aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Kibofu kisikamuliwe kwa mkono nyumbani, maana hupasuka.

Jike hazibi kwa urahisi, kwa kuwa mrija wake ni mfupi na mpana, lakini ufupi huo huo huwapa bakteria njia. Akikojoa kidogo kidogo, akijilamba sana, au akianza kukojoa ndani ilhali amezoea nje, aonwe na daktari wa mifugo ndani ya siku moja au mbili. Amoksilini iliyobaki kabatini haifai: dozi pungufu hutuliza dalili na kuacha bakteria sugu. Jambo jingine ni kiu. Mbwa wa kilo 20 anayekunywa zaidi ya lita 2 kwa siku huenda ana kisukari au figo mbovu, na kwa jike asiyefungwa uzazi, wiki chache baada ya joto, huenda tumbo la uzazi limejaa usaha. Hilo nalo ni dharura.

Si kila wekundu unaoonekana kwenye mkojo ni ugonjwa wa kibofu. Mkojo mweusi kama chai ya rangi pamoja na fizi nyeupe humwelekeza daktari kwenye babesia, ugonjwa wa kupe. Damu inayodondoka hata mbwa asipokojoa, hasa kwa mbwa wanaozurura, mara nyingi hutoka kwenye uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Unatisha kuutazama, lakini hutibika vizuri.

Mkojo wa mbwa mgonjwa usafishwe kwa glavu. Unaweza kubeba vimelea vya leptospirosi, ambayo Watanzania waliijua kwa jina la homa ya mgunda ilipozuka Lindi mwaka 2022, na ambayo mbwa huipata pia kwa panya.

Kwa asiye na dharura, mkojo wa asubuhi ukingwe kwenye chombo safi, ufike kliniki kupimwa mapema siku hiyo hiyo. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu asipewe hata kidogo: huchoma tumbo la mbwa na kumuua figo.