YURI GAGARIN, MTU WA KWANZA KUFIKA ANGANI

Tarehe 9 Machi ni siku ya kukumbuka kuzaliwa kwake Yuri Gagarin, aliyezaliwa mwaka wa 1934 katika kijiji cha Klushino, nchi ya Urusi. Baba yake alikuwa seremala, na mama yake alikamua ng'ombe katika shamba la ushirika.

Yuri alipokuwa na umri wa miaka saba, vita vikafika kijijini. Masomo yakakatika. Askari wa Kijerumani wakaitwaa nyumba yao, na jamaa yote wakakaa karibu miaka miwili katika kibanda cha udongo. Kaka yake na dada yake wakachukuliwa mateka na Wajerumani, wasirudi mpaka vita vilipokwisha.

Baada ya vita Yuri akashika masomo tena. Alipokuwa kijana akajifunza kazi ya kusubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina katika kalibu. Mchana alifanya kazi, na jioni alihudhuria shule. Baadaye akajifunza kurusha ndege, na mwaka wa 1960 akachaguliwa pamoja na marubani wengine 19 kufundishwa safari za angani.

Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 1961, Yuri aliketi ndani ya chombo kiitwacho Vostok, juu ya roketi ndefu, huko Baikonur katika Kazakhstan, iliyokuwa wakati ule sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Mpaka siku ile hapakuwa na mtu aliyefika angani. Madaktari walihofu kwamba mtu asiyeuona uzito wa mwili wake huenda akapotewa na akili. Kwa hiyo usukani ulifungwa, chombo kijiendeshe chenyewe. Namba za kuufungua zilitiwa katika bahasha, azitumie wakati wa shida.

Roketi ikaondoka kwa kishindo. Chombo kikaizunguka dunia mara moja, kwa mwendo upitao kilometa 27,000 kwa saa. Kilipokaribia Afrika upande wa magharibi, mtambo wa kupunguza mwendo ukawaka ili kirudi chini. Ndipo hatari ilipotokea. Chombo kilikuwa na sehemu mbili zilizopasa kuachana, lakini nyaya zilizishika zisiachane. Chombo kikazunguka kama pia.

Yuri hakupiga kelele. Alipiga hesabu: mpaka wa nchi yake ulikuwa mbali kiasi cha kilometa 6,000, na nchi yenyewe ilienea kilometa 8,000, basi angeshuka kwao, hata kama si mahali palipokusudiwa. Akapeleka habari kwamba mambo ni sawa. Baada ya dakika kama 10, sehemu zile zikaachana. Alipofika kilometa 7 juu ya ardhi, akatoka chomboni akashuka kwa mwavuli hata shambani, karibu na mto Volga. Safari yote haikutimia saa mbili.

Yuri alikufa tarehe 27 Machi 1968, ndege yake ilipoanguka katika mazoezi. Heshima ya kuwa wa kwanza ilimwangukia yeye peke yake. Lakini utulivu wake, na hesabu aliyojifunza shuleni, kila mwanafunzi aweza kuvipata. Wahenga walisema, Akili ni mali.

MASWALI
1. Kwa nini usukani wa chombo ulifungwa?
2. Yuri alipiga hesabu gani, nayo ilimsaidiaje?
3. Eleza maana ya maneno haya: kusubu, kalibu, pia.