Mama Mwenye Mimba na Mapambo Yake

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa hapa Aru, na hii ni mimba yangu ya kwanza, imefika miezi mitano. Tangu mwezi wa nne mashavu na paji la uso vimeingia weusi, na wifi yangu ameniletea kutoka Ariwara sabuni na kopo la mafuta, anasema baada ya wiki mbili uso utarudi kama zamani. Mama mkwe naye hataki nisuke, wala nipake hina, wala rangi ya kucha, anasema yote hayo yatamdhuru mtoto. Nimsikilize nani?

JIBU: Mama mpendwa, nimeusoma waraka wako kwa makini, na kabla sijaingia kati ya wifi na mama mkwe napenda kukuthibitishia kwamba swali lako si la anasa wala la upuuzi, maana mwanamke aliyechukua mimba ana haki ya kuoga, kujipaka, kusuka na kupendeza kama alivyokuwa nayo kabla, na tabibu anayelidharau swali la namna hii aghalabu hufichwa habari ambazo angezihitaji siku ya uchungu. Mama mkwe amekuonya kwa mambo mengi ambayo hayana madhara makubwa, na wifi amekuletea kwa mapenzi yake kitu kimoja ambacho ndicho cha kuogopwa kuliko vyote ulivyovitaja.

Tuanze na huo weusi wa uso. Mimba huzidisha homoni mwilini, na homoni hizo huziamsha seli zitengenezazo rangi ya ngozi, ndiyo sababu wanawake wengi huona mabaka mashavuni, juu ya mdomo na katika paji, na kadhalika mstari mweusi ushukao kutoka kitovuni kwenda chini. Si ugonjwa, si uchafu, wala si dalili ya husuda ya mtu. Aghalabu mabaka hayo hufifia yenyewe miezi michache baada ya kujifungua. Linaloyakoleza ni jua, na jua la Aru wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari, ni kali mno. Basi mwavuli, au kitambaa kinachofunika paji na kutoa kivuli machoni, ni dawa bora ya uso wako kuliko kopo lo lote lipitalo mpakani Vurra.

Sasa nije kwenye sabuni. Sabuni na mafuta ya kung'arisha ngozi, yale hasa yauzwayo bila ya jina la mtengenezaji, mara nyingi hutiwa zebaki, kwa kuwa zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake. Shirika la Afya Ulimwenguni limeeleza kuwa sabuni za namna hiyo huwa na chumvi za zebaki kiasi cha asilimia 1 hadi 3, na mafuta huweza kufika asilimia 10, ilhali mapatano ya mataifa yaliyopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako watoto wengi walizaliwa na vilema kwa sababu mama zao walikula samaki wenye zebaki, yameanza kutumika mwaka 2017 na kuazimia kuviondoa sokoni vipodozi vyote vyenye sumu hiyo. Zebaki hupenya ngozi, huingia damuni, huvuka kondo la nyuma, na kumfikia mtoto ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Tena haiishii kwa anayejipaka: hutoka katika ngozi na taulo kama mvuke usioonekana, ikavutwa na wote walalao chumba kimoja.

Chukua kopo ulisome. Likiandikwa mercure, calomel, au herufi Hg, liache. Hata lisipoandika hivyo, tazama maelezo ya matumizi: likikuonya usiliguse ukiwa umevaa pete ya dhahabu au mkufu wa fedha, hiyo ni ishara ya kutosha, kwani zebaki hushikana na madini hayo na kuyaharibu, na mtengenezaji aliyeficha jina la sumu amelazimika kuonyesha tabia yake.

Mwaka 1972 matabibu wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa wao 60 waliovimba mwili na kupoteza protini katika mkojo kwa maradhi ya figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka mafuta ya kung'arisha yenye zebaki. Nalitaja hilo kwa sababu linagusa CPN yako, yaani kliniki ya wajawazito, moja kwa moja. Mkunga anapopima mkojo akakuta protini, akatazama miguu akaiona imevimba, humshuku mama kuwa anaelekea kifafa cha mimba, na kwa haki kabisa, maana kifafa cha mimba huua. Lakini figo zilizoharibiwa na zebaki huweza kutoa dalili zilezile. Asipojua kuwa mama anaoga kwa sabuni hiyo atatibu nusu ya maradhi.

Kopo la mafuta lina hatari ya namna nyingine. Mengi ya makopo hayo yana clobétasol, dawa yenye nguvu ya jamii ya steroidi, ambayo daktari huiandika kwa ukurutu mkaidi, kidogo, mahali padogo, kwa siku chache. Kumpaka mtu mzima mwili wote mara moja huchukua gramu 20 au zaidi. Anayejipaka asubuhi na jioni hufikisha gramu 300 kwa siku nane tu, na utafiti umehusisha kiasi kinachozidi hicho katika mimba nzima na watoto wanaozaliwa wakiwa na uzito mdogo. Huko Dakar, Senegal, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba katika wanawake wajawazito 99 waliochunguzwa, 68 walikuwa wakitumia vipodozi vya kung'arisha, na wale waliotumia steroidi kali walikuwa na kondo dogo na watoto wepesi kuliko wenzao. Steroidi hizo zikiingia damuni kwa wingi hupandisha shinikizo la damu na sukari, mambo mawili ambayo mimba peke yake huweza kuyaleta. Na ikitokea mama huyo apasuliwe, mpasuaji hukuta ngozi iliyokonda kama karatasi: uzi unaipasua, kidonda kinachelewa kufunga, na usaha hupata mlango. Wanaovifunga vidonda vya namna hiyo hawavisahau.

Haidrokinoni, ambayo hupatikana katika makopo mengine, huingia damuni kwa kiasi kikubwa, yapata theluthi moja au zaidi ya kile kinachopakwa, na kwa hiyo matabibu huwazuia wajawazito wasiitumie. Sindano za kung'arisha usizikaribie hata kidogo. Na kama mtu atakupa vidonge vya chunusi viitwavyo isotrétinoïne, jua kwamba hivyo ni katika dawa zinazojulikana kwa yakini kuharibu umbo la mtoto tumboni: moyo, masikio, ubongo, hata kidonge kimoja mwenye mimba asikimeze.

Kenya, Uganda na Tanzania zimekwisha kuyapiga marufuku mafuta yenye zebaki na haidrokinoni, lakini marufuku ya serikali hayamfungi mchuuzi mwenye begi juu ya pikipiki, na katika masoko yetu, ambako shilingi ya Uganda hupokewa sawasawa na faranga ya Kongo, kopo halina haja ya pasipoti. Simlaumu wifi yako. Ameyanunua mchana kweupe, katika meza ileile inayouza sabuni ya kufulia na maziwa ya mtoto, na hakuna aliyemwambia neno.

Ikiwa umekwisha kuanza kuyatumia, acha leo sabuni na mafuta hayo, uyachukue yote mawili uende nayo CPN, uyaweke mbele ya mkunga bila ya haya. Mafuta ya steroidi yakiachwa baada ya kutumiwa kwa muda mrefu, ngozi huweza kuwaka, kuwasha na kutoka vipele. Hilo lisikurudishe kwenye kopo, bali likupeleke kituoni upate kuangaliwa. Usiyatupe motoni, maana zebaki ikipashwa moto hupanda hewani ikaingia mapafuni. Badala yake jipake vazelini, gliserini, au siagi ya mshea itokayo kaskazini ya Uganda na Sudani Kusini, ambayo bibi zetu walijipaka na kuwapaka watoto wao wachanga, wakang'aa bila ya kubadilika rangi.

Nimgeukie sasa mama mkwe, kwa heshima anayostahili. Kusuka nywele hakumdhuru mtoto. Msusi asikaze hadi ngozi ya paji ivutwe na kuuma, nawe usikae juu ya kigoda saa nyingi bila ya kunyanyuka, kwa sababu miguu ya mjamzito huvimba. Inuka, tembea uani, kunywa maji, kisha urudi. Utaona kuwa nywele zako ni nyingi zaidi sasa, kwani mimba huzizuia zisianguke kwa kawaida yake, na miezi mitatu au minne baada ya kujifungua zile zilizochelewa zitaanguka kwa pamoja, hata uzikute zimejaa kitanani. Wakati huo watakuja watu kukuambia kuwa meshi ya kusukia ndiyo iliyokuharibu au kwamba mtoto amekunyonya nywele. Zitaota tena.

Dawa ya kulainisha nywele na rangi za nywele huingia damuni kwa kiasi kidogo sana, na haikuthibitika kuwa zinamdhuru mtoto. Hata hivyo kungoja wiki 12 za mwanzo zipite ni busara, nawe umekwisha kuzipita. Zipakwe mahali penye dirisha, juu ya kichwa kisicho na kidonda wala mkwaruzo, na zisikae kupita muda ulioandikwa. Zile zenye formalini, ambazo hutoa moshi wa kuchoma macho nywele zinapopigwa pasi, ziache kabisa.

Rangi ya kucha nayo si neno. Linalonishughulisha ni zana za wale vijana wanaozunguka sokoni na vikapu vyao wakigonganisha vichupa ili wasikike: kiwembe kilekile na tupa ileile hupita kwenye vidole vya wanawake kumi kabla ya adhuhuri, na virusi vya homa ya ini ya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7, katika tone la damu lisiloonekana kwa macho. Mama akiambukizwa huweza kumpa mtoto ugonjwa huo wakati wa kuzaliwa, na mtoto aliyeupata akiwa mchanga mara nyingi hubaki nao maisha yake yote. Nunua kiwembe chako na tupa yako, mpe kijana azitumie, kisha urudi nazo nyumbani. Na mwezi wa tisa ukiingia, futa rangi hiyo, kwa kuwa mkunga huzitazama kucha apate kujua kama damu yako imepungua, na kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni ili kupima hewa ya damu huweza kudanganywa na rangi nzito. Kadhalika usihangaike kunyoa kabla ya kwenda maternite. Shirika la Afya Ulimwenguni halipendekezi mama anyolewe kwa ajili ya kuzaa tu, na mikwaruzo ya wembe ni mlango wa maradhi.

Hina halisi, ya majani yaliyosagwa, yenye kutoa rangi ya wekundu wa hudhurungi, imepambwa nayo mikono ya wajawazito tangu kale, nami sioni sababu ya kukukataza. Hina nyeusi ni habari nyingine: imetiwa piko, yaani rangi ya nywele yenye kemikali kali, na huweza kuchoma ngozi ikatoa malengelenge na kukuachia mzio wa maisha. Wanja ununue kwa hadhari, maana ule wa jiwe aghalabu ni madini ya risasi, na risasi huvuka kwa mtoto kama zebaki. Ada ya kukalia moshi wa kuni zenye harufu, ambayo wanawake wa asili ya Sudani huipenda, iahirishe hadi utakapozaa, kwa sababu joto likaalo mwilini kupita digrii 39 halifai kwa mimba, hasa changa. Na wale watakaokunong'oneza kujiosha ndani kwa shabu, ndimu au majani ili upendeze kwa mumeo, usiwasikilize: huvuruga ulinzi wa njia ya uzazi, hualika uambukizo, na uambukizo huo ni katika sababu za uchungu kuja kabla ya wakati.

Mtoto atakapozaliwa, usimpake hina wala wanja. Katika nchi zetu za malaria wapo watoto wengi wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, nao hina ikiwagusa huweza kuzivunja chembe zao nyekundu za damu. Na vivyo hivyo zile punje nyeupe za naftalini zitiwazo sandukuni kufukuza nondo. Ikiwa mama mkwe amekuwekea nguo za mtoto na mablanketi katika sanduku lenye punje hizo, mwombe muyatoe mapema, myafue, na kuyaanika nje siku kadhaa hata harufu iishe kabisa. Na ukiona macho ya mtoto yamekuwa manjano, au analala asitake kunyonya, usingoje kupambazuke: mpeleke hospitali usiku huohuo.