Taa ya Mtumbwini

Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, mtu asimamaye kando ya ziwa pale Musoma huona mianga mingi juu ya maji, mfano wa mji mwingine uliojengwa ziwani. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa. Dagaa huufuata mwanga, nao wavuvi hungoja hata wakusanyike ndipo watie wavu. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa; siku hizi wengi hutumia taa za betri. Lakini mbali na taa kubwa za kuvutia dagaa, mtumbwi huhitaji taa ndogo ya ndani, ya kuonea kamba na maji yaingiayo chini, na zaidi ya hayo ya kuonekana na mitumbwi mingine. Somo hili ni la taa hiyo ndogo.

Palikuwa na kijana wa Musoma, mwanafunzi wa darasa la sita, ambaye baba yake alikuwa mvuvi. Kijana huyo alipenda sana kufungua vitu vya umeme na kutazama ndani. Siku moja taa ndogo ya baba yake ilizimika. Akaifungua, akaona waya umekatika karibu na swichi. Akazisokota ncha mbili za waya kwa vidole, akazizungushia utepe, taa ikawaka. Baba yake alifurahi, akawaambia majirani kwamba nyumbani kwake sasa yuko fundi.

Juma lile lile, usiku, upepo ulivuma na mawimbi yakautikisa mtumbwi. Taa ikazimika tena. Mtumbwi mwingine ulikuwa unakuja kwa injini, na mwenye kuuongoza hakuona kitu mbele yake. Baba na wenzake wakapiga makelele, wakapiga na ndoo kwa mbao, hata yule mwingine akageuza ghafula akapita karibu nao. Baba aliporudi asubuhi hakumgombeza mwanawe. Aliiweka ile taa mezani, akanywa uji, akalala. Kijana aliona afadhali angegombezwa.

Likizo ilipofika alipanda basi kwenda Bunda, kwa mjomba wake aliyekuwa fundi wa redio, akaichukua taa ndani ya mfuko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo, ila baba alinusurika." Akaeleza yote.

Mjomba akaifungua taa, akautoa utepe, akatazama ule msokoto wa waya. Shaba yake ilikuwa imeanza kufanya kutu ya kijani. "Ulifanya kazi ya saa moja," akasema, "na baba yako alihitaji kazi ya mwaka. Keti hapa. Leo hutashika chombo, utatazama tu."

Mchana akaja mama mzee kutoka Butiama, kule alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Alikuwa na redio yake ya betri kavu, naye aliambiwa na watu kwamba imekufa, anunue nyingine. Mjomba hakuigusa mashine ya ndani hata kidogo. Alifungua kifuniko cha betri, akaona zile betri za zamani zimevuja, na kichuma cha chemchemi kimefunikwa na unga mweupe. Akazitoa, akakikwangua kichuma kwa msasa hata kikang'aa, akatia betri mpya. Redio ikasema.

"Kumbe haikuwa mgonjwa?" akauliza yule mama.

"Haikuwa mgonjwa, mama. Ilikuwa na njaa, na mdomo wake ulikuwa mchafu."

Alipokwisha kwenda, mjomba akamwonyesha mpwa wake maana ya kazi ile. Vitu vilivyomo ndani ya redio au taa huharibika mara chache kuliko mahali viunganapo. Kwa hiyo mwenye kutafuta kosa huanza pale umeme uingiapo: betri, kisha vichuma vya betri, kisha fyuzi, kisha swichi, kisha kila kiungo kimoja kimoja. Huko ndiko kosa hupatikana mara nyingi. Anayeanza kwa kung'oa vitu vya katikati huharibu kilicho kizima, naye asijue tena kosa la kwanza lilikuwa lipi.

Siku ya pili walianza kuunda taa mpya, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Walitumia vijitaa vya LED, ambavyo havina waya wa kuwaka moto ndani yake. Kila kijitaa cheupe cha namna hiyo huhitaji volti 3 hivi, na kile kidogo chenye miguu miwili hustahimili mkondo wa milliampea 20, yaani ampea 0.02. Betri yao ilikuwa ya volti 12, ndogo, ya ampea-saa 7. Kijitaa kimoja kikifungwa moja kwa moja kwenye betri hiyo huungua mara moja. Basi huvipanga vitatu kwa mstari, kimoja nyuma ya kingine, ili vigawane volti 9, na volti zinazobaki huzuiwa na kikinzani, ambacho mafundi hukiita rezista.

Jambo hili la ukinzani laweza kueleweka kwa mfano wa zizi. Ng'ombe wanasukumwa kutoka nyuma. Msukumo huo ni volti. Mlango mwembamba wa zizi ndio ukinzani. Hesabu ya ng'ombe wapitao kwa dakika moja ndiyo mkondo, yaani ampea. Ukizidisha msukumo, wengi zaidi hupita. Ukiufanya mlango kuwa mwembamba zaidi, hupita wachache. Aliyeipata kanuni hii kwa kupima alikuwa mwalimu wa shule, Georg Simon Ohm, aliyezaliwa Erlangen katika Ujerumani mwaka 1789. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli ambaye hakwenda shule kubwa, bali alijifundisha mwenyewe kwa vitabu, kisha akawafundisha wanawe nyumbani. Ohm aliitoa kanuni yake katika kitabu mwaka 1827, na wengi katika nchi yake hawakuijali. Mwaka 1841 wataalamu wa Royal Society ya London walimpa nishani, na leo ukinzani wote duniani hupimwa kwa jina lake: omu.

Kijana aliijua hesabu hiyo kwa kuisoma. Akaandika: volti 12 kutoa 9 ni 3, 3 kugawanya kwa 0.02 ni omu 150. Akampa mjomba karatasi.

"Kugawanya umegawanya vema," mjomba akasema. "Lakini ile 12 uliipata wapi?"

"Imeandikwa juu ya betri."

"Nenda ukaipime."

Betri ilikuwa imefungwa kwenye bamba la kupokea jua, inajazwa. Kijana akaishika mita, akasoma volti 14.4. Akaona aibu, kisha akafuta na kuandika upya: 14.4 kutoa 9 ni 5.4, 5.4 kugawanya kwa 0.02 ni omu 270. Kwa kikinzani chake cha kwanza mkondo ungefika milliampea 36 kila mara taa iwashwapo wakati betri inajazwa, na vijitaa vingekufa kabla ya siku zao. Namba iliyoandikwa juu ya chombo ni jina tu; ya kweli ni ile ya mita. Kikinzani cha omu 270 hujulikana kwa mistari yake ya rangi: nyekundu ni 2, zambarau ni 7, na kahawia ni kuongeza sifuri moja. Mstari wa nne, wa dhahabu, huonyesha tu kwamba kipimo chaweza kupungua au kuzidi kwa sehemu 5 katika 100.

Wakafanya mistari minne ya vijitaa vitatu, vyote 12, na kila mstari ukapewa kikinzani chake wenyewe. Watu wengine hutia kikinzani kimoja kwa mistari yote ili kuokoa senti. Lakini mistari hailingani sawasawa, na ule wenye tamaa hunywa mkondo wa wenzake hata ukaungua. Taa yao yote ingetumia ampea 0.08 kwa wingi. Ampea-saa 7 kugawanya kwa 0.08 ni saa 87 na nusu, ila betri ya risasi na asidi haipendi kumalizwa. Afadhali ijazwe ingali na nusu yake.

Ndipo ikaja kazi yenyewe ya kulehemu, na hapo palikaa siku tatu. Mafundi bati hupasha chuma chao cha kulehemia katika jiko la mkaa. Mjomba alikuwa na kile cha umeme. Waya wa kulehemia ni mchanganyiko wa bati na risasi, nao huyeyuka kwa joto la digrii 190 hivi. Ndani yake mna dawa itokanayo na utomvu wa msonobari, ambayo husafisha shaba wakati wa kazi.

Kosa la kila mwanafunzi ni kuyeyusha bati juu ya ncha ya chuma, kisha kulidondosha juu ya kiungo kama mtu amwagaye nta. Bati lililodondoshwa juu ya shaba baridi halishiki; hukaa juu yake kama tone la maji juu ya jani la myugwa. Namna iliyo sawa ni hii. Kwanza shaba ikwanguliwe hata ing'ae. Pili waya upindwe na kushikana na mwenzake kabla ya kulehemiwa, kwa maana bati ni laini, halikuumbwa kuvuta mzigo. Tatu chuma chenye moto kiguse nyaya zote mbili pamoja, na bati liguse nyaya hizo, si chuma. Nyaya zikiwa na moto wa kutosha, bati litakimbia lenyewe kuingia katikati yake. Kisha chuma kiondolewe, na mkono usitikisike hata bati liwe gumu. Kazi hiyo yote ni ya nukta mbili tatu. Ikizidi, kijitaa huharibika kwa joto, na kwa sababu hiyo mjomba alishika mguu wake kwa koleo ili koleo lile joto.

Kiungo kizuri hung'aa na kina mteremko, mfano wa kilima kidogo kilichouzunguka mti. Kiungo kibaya ni cha mviringo, au ni cha rangi ya majivu. Chaweza kupitisha umeme mezani, hata kwa majuma, kisha kikaachia siku ya mawimbi.

Taa ile ilikuwa na viungo 20, mbali na vile vya swichi na fyuzi. Mjomba alilehemu kimoja. Kijana alilehemu 19, na 11 kati yake alitakiwa kuviyeyusha na kuvifanya tena. Kila alipotoka mezani alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa sababu risasi ni sumu, tena ni sumu isiyo haraka. Na dirisha lilikuwa wazi wakati wote ili moshi utoke.

Fyuzi ya ampea 1 iliwekwa karibu kabisa na upande chanya wa betri. Betri hata ikiwa ndogo, ncha zake zikigusana kwa waya mwembamba, waya huwa mwekundu kwa moto mara moja. Na betri ijazwapo hutoa hewa iwezayo kulipuka, hivyo haiwekwi karibu na jiko wala kibatari. Umeme wa ukutani, ambao katika Tanzania ni wa volti 230, mjomba alimkataza kabisa kuugusa. "Huu wa volti 12 hukusamehe makosa," akasema. "Ule hausamehe." Hata redio ya ukutani iliyokwisha kuchomolewa hakumruhusu kuifungua, kwa kuwa ndani yake mna vyombo viwezavyo kushika umeme baada ya kuchomolewa.

Mwisho waya wa kutoka nje ulifungwa fundo ndani ya kisanduku, ili ukivutwa lishike fundo na si kiungo. Viungo vilipakwa rangi ya kucha, ambayo mke wa mjomba aliitoa kwa masharti ya kununuliwa nyingine. Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari, lakini shaba iliyo wazi huharibika kwa maji yote.

Kijana akarudi Musoma. Baba yake aliitazama taa, akaitikisa kwa nguvu mbele ya mwanawe, akaipiga kwa kiganja, kisha akaitia katika mtumbwi bila neno. Usiku huo mama alimkuta kijana ufukweni mara mbili, akamrudisha kulala.

Alfajiri mtumbwi ulikuja na dagaa wa kutosha, na taa ilikuwa bado inawaka. Kijana akaikimbilia. Vijitaa tisa vilikuwa na mwanga. Vitatu, vya mstari mmoja, vilikuwa giza.

"Ilianza hivyo usiku wa manane," baba akasema. "Ila tuliona vema."

Kijana akaipeleka nyumbani, akaizima, akaondoa fyuzi, akakifungua kisanduku. Akaanza kwenye upande wa betri, akakipima kiungo kimoja kimoja cha mstari ule. Cha nne kilikuwa na rangi ya majivu. Alikumbuka siku aliyokifanya: ilikuwa jioni, mkono umechoka, naye aliona aibu kumwambia mjomba kwamba ulitikisika. Akachukua msasa, akaikwangua rangi ya kucha, akamwomba mama yake mkaa kidogo wa kupashia chuma.